Mishipa ya damu iliyoziba au kuwa myembamba: tupeane uzoefu wa matibabu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Barazani husemwa "mshipa umeziba" kana kwamba ugonjwa ni mmoja na dawa yake ni moja, kwa hiyo naanza na yangu. Mimi ni wa Mkomani, Lamu. Nikitembea kwenda Shela, mwendo wa kama kilomita 3, shavu la mguu wa kushoto lilinibana hadi nisimame, na nikipumzika kidogo liliachia. Nilidhani ni baridi yabisi, nikachuliwa kwa mafuta miezi mingi. Daktari alipima presha ya kifundo cha mguu, akailinganisha na ya mkono, akakuta ya mguuni iko chini mno: ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, imekuwa nyembamba. Hakunipasua. Aliniachisha sigara, akanipa aspirini na dawa ya kupunguza kolesteroli, kisha akaniamuru kutembea hadi maumivu yakolee, nipumzike, niendelee tena, nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi minne nafika Shela nikisimama mara moja tu.

*Kutoka Malindi:* Shukrani, kaka. Ami yangu alibanwa na kifua, tukamkimbiza Mombasa. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, yeye akiwa macho, wakapanua palipoziba kwa puto na kuacha stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma. Siku ya tatu alirudi nyumbani, na hapo ndipo tulipokosea. Alipewa aspirini na dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, azinywe pamoja mwaka mzima. Mwezi wa nne akajiona mzima, akaziacha zote mbili bila kumwambia mtu. Damu iliganda ndani ya stenti, tukarudi Mombasa usiku.

*Kutoka Lamu, Langoni:* Mama mkwe ana kisukari, na mishipa mitatu ya moyo ilikuwa imeziba, kwa hiyo walichagua baipasi, yaani upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite kando ya palipoziba, badala ya stenti. Mshipa wa kuunganishia ulitolewa mguuni, na kidonda hicho, anasema, kilimsumbua kuliko cha kifua.

*Kutoka Malindi:* Na maji ya kitunguu saumu, yanazibua?

*Mwanzilishi:* Hayazibui, dada. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amweleze daktari kabla ya kuyanywa, kwa kuwa yanaweza kuzidisha kutokwa na damu. Na mwenye mguu unaouma hata akiwa amelala, au kidonda cha mguu kisichopona, asingoje miezi kama nilivyongoja mimi.