Wakongwe wa Vita vya Kagera wasimulie yote waliyoyaona?

Mwana wa Mpiganaji: Shikamooni wazee. Baba yangu alivuka Mto Kagera akiwa mgambo wa Tanzania katika vita dhidi ya Uganda ya Idi Amin, na kwa miaka yote alitusimulia tu shangwe ya kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Juzi, mbele ya wajukuu, alieleza namna nyumba za Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, zilivyobomolewa na jeshi letu hadi msingi, huku chai ikipoa kikombeni. Kaka yangu alimtaka anyamaze, akidai analichafua jeshi. Dada yangu anataka arekodiwe. Nifuate lipi?

Mzee wa Mizinga: Marahaba, mwanangu. Mimi nilikuwa upande wa zile roketi ambazo Waganda waliziita "saba saba", kwa hiyo tuliowapiga hatukuwaona nyuso, na labda ndiyo maana midomo yetu ni miepesi kuliko ya askari wa miguu. Mrekodi, lakini usimkatize wala usimwulize aliua wangapi.

Mzaliwa wa Kyaka: Naheshimu wazee, ila mnaanzia katikati. Majeshi ya Amin yalipovamia Oktoba 1978 yaliua raia, yakapora ng'ombe na kulipua daraja letu. Anayesimulia Mutukula bila hayo anatuumiza sisi tuliokimbia.

Mwana wa Mpiganaji: Nakubali, mkuu. Kumbe baba alianza na ng'ombe waliouawa barabarani, ila kaka aliingia simulizi ikiwa imefika mpakani. Jumamosi nitamwomba aanze upya, na kaka awepo.