Mjadala: Siku ya Finestre, nani alimwachia Yates jezi ya waridi?

Mtoa hoja, Katindo

Ndugu wapenzi wa baiskeli hapa Goma, jambo hili limetushinda nyumbani, nalileta mbele yenu. Ni Giro ya 2025, zile mbio za baiskeli za wiki tatu za Italia, siku ya kabla ya mwisho, tarehe 31 Mei, kwenye mlima wa Colle delle Finestre. Kwa ambaye hakuifuatilia: Isaac del Toro, kijana wa Mexico wa miaka 21, aliamka asubuhi hiyo na jezi ya waridi, ile ya anayeongoza kwa jumla ya muda wa siku zote. Richard Carapaz wa Ecuador alikuwa nyuma yake kwa sekunde 43, na Simon Yates wa Uingereza kwa dakika 1 na sekunde 21. Mlima wenyewe una kilomita 18 na nusu, mwinuko wa asilimia 9, na kilomita 8 za juu ni changarawe tupu.

Carapaz alichomoka chini kabisa, del Toro akamganda. Yates akawafikia kwa mwendo wake, akajaribu kutoka, wakamrudisha, akajaribu tena, mwishowe akaenda. Wale wawili wakabaki wanatazamana. Huyu anamwambia mwenzake vuta wewe, yaani kaa mbele ukate upepo, yule anajibu vuta wewe. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Jioni ile waridi ilikuwa mwilini mwa Yates, na kesho yake Roma akabeba Giro.

Mimi nasema kosa ni la del Toro. Mbwa wakibweka usiku, mwenye nyumba ndiye anayetoka nje. Mpangaji anaweza kugeukia ukutani akalala. Jezi ilikuwa ya nani? Kama hakutaka kumkimbiza Yates, alitaka nani amkimbizie? Nampenda kijana huyu, nakiri, ndiyo maana naumia. Semeni.

Mkaazi wa Birere

Yaya, umemwonea mtoto. Tazama mkubwa alikuwa nani pale. Carapaz alishinda Giro ya 2019, akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Na hiyo Giro ya 2019 aliipataje? Primož Roglič na Vincenzo Nibali walikuwa wanachungana wao kwa wao, Carapaz akaondoka njia ya Courmayeur, akavaa waridi, hawakumpata tena. Alikuwa kunguru siku ile! Sasa mtu aliyekula hivyo, miaka sita baadaye anakubali kuwa panzi? Yeye ndiye aliyeijua hesabu hii kuliko wote waliokuwa mlimani.

Tena naye alikuwa na cha kupoteza. Asubuhi alikuwa wa pili, Roma akasimama wa tatu. Kama angevuta hata nusu ya njia, nafasi yake ya pili ingebaki na pengine angempiga del Toro mwishoni. Aliona heri waanguke wote kuliko kumsaidia kijana. Mimi huo siuiti ujanja.

Na msimwite del Toro mwoga. Tarehe 28 Septemba mwaka uleule, hapo jirani Kigali kwenye mashindano ya dunia, Tadej Pogačar alipochomoka kwenye Mont Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, nani alikwenda naye? Juan Ayuso alijaribu akakatika. Del Toro alikaa kwenye gurudumu la bingwa wa dunia mpaka tumbo lilipomsumbua. Moyo anao.

Fundi wa baiskeli, Virunga

Wanangu, mnazungumza mioyo ya watu, na mimi nataka niwarudishe kwenye upepo.

Kwenye tambarare, msafara ukienda kilomita 45 kwa saa, ukijibanza nyuma ya mwenzako unaokoa hata theluthi ya nguvu zako. Ndiyo maana pale ni haki kabisa kusema vuta na wewe, siwezi kukubeba. Lakini Finestre ni mwinuko wa asilimia 9, hata hawa mabingwa wanapanda chini ya kilomita 20 kwa saa. Hapo adui mkubwa ni uzito wako mwenyewe, upepo ni mdogo. Anayekaa mbele hapotezi mengi, anayekaa nyuma hapati mengi. Kwa hiyo yale maneno ya vuta wewe, vuta wewe, mlimani hayakuwa na kazi. Kila mmoja angepanda kwa nguvu zake zote bila kugeuka nyuma, basi.

Mambo yanabadilika ukishavuka kilele. Kuna mteremko, kuna bonde kabla ya kupanda Sestriere, pale mbio za siku ile zilipomalizikia, na bondeni upepo unarudi na bei yake. Timu ya Yates ililiona hilo mapema. Mwenzake Wout van Aert aliondoka na watoro wa siku ile, wale waliochomoka mapema mbele ya msafara, akavuka Finestre mbele ya vigogo, kisha akamngoja. Mtu mwenye kifua kile na miguu ile, kazi yake bondeni ilikuwa kukata upepo tu. Yates akapumzika nyuma yake wakati wenzake wanabishana.

Nitawapa mfano wa kwetu, na siuleti kwa mzaha. Nenda asubuhi barabara ya Kibumba, uangalie chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazoshuka na viazi. Mtu amepiga goti moja kwenye ubao, mguu wa pili unakanyaga kile kipande cha tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, mpira unanuka kuungua. Kwenye mteremko kila mtu na mzigo wake, na akikosea mguu ni gunia, ni mwili, vyote chini. Lakini wakifika penye kipando, utaona mmoja anaegesha chake, anarudi kusukuma cha mwenzake, kisha wanarudi wote kwa kile cha kwanza. Sijawahi kuona wanasimama njiani kuulizana nani ana viazi vingi. Na hao wanakwenda soko moja, wanauza bidhaa ileile, ni washindani pia.

Kwa hiyo hukumu yangu: mlimani del Toro alikosa kwa kutopanda mwendo wake. Bondeni wote wawili walikosa.

Dada wa Himbi

Papa Fundi, asante, hilo la upepo lilikuwa halijanikaa kichwani.

Mimi naongeza la upande wa wanawake, maana hapa hamjataja hata mmoja. Tour de France ya wanawake ya 2024, siku ya mwisho, Agosti 18, kumalizia Alpe d'Huez. Kasia Niewiadoma wa Poland ana jezi ya njano, ambayo kwenye Tour ndiyo ya anayeongoza. Mpinzani wake Demi Vollering anachomoka mbali, kwenye mlima wa Glandon, jezi inaanza kuyeyuka. Bondeni Niewiadoma alishirikiana na waliotaka kushirikiana, lakini kwenye kona za Alpe d'Huez hakuwa na wa kumwonyesha kidole. Alipanda. Vollering alishinda siku ile, Niewiadoma akashinda Tour kwa sekunde 4. Nne! Mngehesabu mpaka nne hapo mlipo, ndiyo Tour nzima hiyo.

Angegeuka mara moja kumwambia aliye nyuma yake apite mbele, zingekwisha. Ndiyo maana niko na mtoa hoja.

Mkaazi wa Birere

Niewiadoma alikuwa na umri wa kutosha, alikuwa amepoteza mara nyingi, alijua ladha yake. Huyu alikuwa na miaka 21, peke yake, timu imebaki chini mlimani. Mnamlinganisha vipi?

Mtoa hoja, Katindo

Birere, la 2019 umenipata. Nilikuwa nimelisahau, na nakubali Carapaz hawezi kusema hakujua. Nimeondoa lile neno la mpangaji.

La umri pia nalipokea kwa sehemu. Lakini angalia nani aliyempokonya jezi. Simon Yates mwenyewe aliwahi kuivaa waridi hadi mlima huuhuu, mwaka 2018. Siku ile Chris Froome alichomoka Finestre akaenda kilomita 80 peke yake, na Yates akafika zaidi ya nusu saa nyuma yake. Miaka saba aliubeba mlima huo moyoni. Pacha wake Adam alikuwa ndani ya timu ya del Toro! Katika msafara mzima hakuna aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuitaka Finestre, na hata mimi niliyekaa Katindo na simu inayokatakata nilijua hivyo. Ukiwa na jezi, huyo ndiye mtu humwachii mita 20.

Na Papa Fundi, upepo wako unanisaidia. Kileleni tofauti haikufika dakika 2. Kwa Giro ya wiki tatu, dakika hizo ni nyingi lakini watu wawili wenye nguvu zile wanaweza kuzipunguza. Roma, Yates alikuwa mbele ya del Toro kwa dakika 3 na sekunde 56. Jumlisha na ile 1:21 aliyokuwa nyuma asubuhi, utaona ni zaidi ya dakika 5 zilizoondoka siku moja, na nyingi ziliondoka baada ya kilele, pale ambapo miguu haikuwa imekwisha. Waliacha tu.

Birere, nakuachia na namba moja ya mwisho unijibu. Asubuhi Carapaz alikuwa nyuma ya del Toro kwa sekunde 43. Kwenye orodha ya Roma alikuwa nyuma yake kwa sekunde 47. Yule kijana alichunga mtu mmoja siku nzima, na huyo mmoja hakumponyoka.