Naomba ushauri: toleo lipi la Linux lifae tarakilishi sita za madrasa, Likoni?

Mwalimu_Likoni
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Ninasimamia chumba kidogo cha tarakilishi katika madrasa moja huku Likoni, chenye vipakatalishi sita vilivyokwisha kutumika kabla ya kutufikia, kila kimoja kikiwa na RAM ya GB 4. Vyote vinatumia Windows 10, ambayo huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inavikataa kwa kuwa havina TPM 2.0, yaani chipu ya usalama inayoitaka. Nimeamua kuhamia Linux, mfumo endeshi huria wenye matoleo mengi, lakini nimekwama katika kuchagua: mmoja ananiambia Ubuntu, mwingine Mint, na kijana wetu aliyemaliza chuo anashikilia Fedora. Wanafunzi huandika insha na kusoma mtandaoni, nami huandaa masomo kwa Kiswahili na Kiarabu. Intaneti yetu ni ya bando la simu, na mimi si fundi. Kitu kikiharibika, darasa husimama mpaka nipate mtu wa kuvuka feri aje kunisaidia.

Fundi_MwembeTayari
Waalaikum salaam, Mwalimu. Kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ndicho hicho hicho katika matoleo yote uliyoyataja. Tofauti ziko katika sura ya eneokazi (skrini ya kufanyia kazi), programu zinazokuja nalo, na zaidi ya yote muda ambao watengenezaji wameahidi kuleta marekebisho ya usalama. Kwa hali yako, anza na huo muda. Fedora ni nzuri na mimi mwenyewe ninaitumia, lakini hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita na kila toleo huhudumiwa kwa miezi kama 13, kwa hivyo kila mwaka utalazimika kuvihamisha vipakatalishi vyote sita, tena kwa bando la simu. Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, itahudumiwa hadi 2029. Chukua ile yenye eneokazi la Xfce, ambalo ni jepesi, na uwazoeze wanafunzi kutofungua kurasa nyingi kwa pamoja, kwa sababu kinachomaliza RAM ya GB 4 aghalabu ni kivinjari.

Binti_Kisauni
Naafiki Mint, ila kuhusu bando nina la kuongeza, kwa kuwa taabu hiyo tuliipata ofisini kwetu. Mint, Ubuntu na Debian zinatumia vifurushi vya programu (si vya bando) vya aina moja, na ipo programu iitwayo apt-cacher-ng: ukiiweka katika kipakatalishi kimoja, kifurushi kilichopakuliwa mara moja huhifadhiwa humo, na vile vitano vingine hukichukua hapo hapo bila kukipakua upya. Kuisanidi ni kazi ya mara moja. Mwombe fundi aifanye siku ile ile ya kusakinisha.

Mzee_Changamwe
Mwalimu, mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Debian ndiyo mama wa Ubuntu, na kwa hivyo nyanya wa Mint. Ipo tangu 1993, inaendeshwa na watu wa kujitolea, na kwangu haijawahi kuleta matata. Ungekuwa na fundi wa karibu ningekwambia uende huko moja kwa moja. Kwa kuwa huna, Mint haitakuchosha sana kama Debian.

Mwalimu_Likoni
Nawashukuru nyote. Na Kiarabu je?

Fundi_MwembeTayari
Kibodi ya Kiarabu huongezwa katika mipangilio. Kisha ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia, kwenye mipangilio ya lugha, washa sehemu ya maandishi changamano, yaani ya lugha kama Kiarabu, ndipo vitakapotokea vitufe vya kuandika kutoka kulia. Lakini kabla ya kufuta chochote, nakili kazi za wanafunzi mahali pengine, kisha washa kila kipakatalishi kwa flashi yenye Mint: itafunguka bila kugusa diski, nawe utaweza kujaribu Wi-Fi, sauti na printa. Usijaribu kimoja ukadhani umevijaribu vyote, kwa sababu hata vya modeli moja huweza kuwa na kadi tofauti za Wi-Fi.

Mwalimu_Likoni
Basi ni Mint ya Xfce. Jumamosi, madrasa ikifungwa, nitavijaribu vyote sita kwa flashi, na ikiwa kuna kitakachokataa Wi-Fi nitarudi hapa na jina la kadi yake.