Msaada: jibini ngumu za Ulaya zinakwenda na mvinyo gani? Jumamosi nina wageni

Mtu_wa_Watu
Wakuu habari za jioni. Jumamosi nina wageni wanane hapa Sinza, nimewaahidi kuwaonjesha zile jibini za milimani. Nina Gruyère, Comté na Appenzeller, vipande vya haja. Chupa nne za mvinyo mwekundu wa Dodoma, drai, nimeshanunua. Bia nitachukua kreti ya Safari. Swali dogo tu: nianze na ipi, na ipi inakwenda na nini? Wageni wenyewe wanajifanya wajuaji, sitaki kuumbuka. Picha hiyo hapo chini.

Kidagaa_Feri
Watu wanane mnakaa kuonja chizi? Mchague na mwenyekiti wa machizi kabisa. Weka mishikaki mkuu, hakuna aliyewahi kuumbuka Sinza kwa mishikaki.

Mpishi_Mstaafu
Nimekaa jikoni hotelini Masaki miaka tisa, ngoja nikujibu. Huo mwekundu utakusumbua. Ukakasi wake ukikutana na chumvi na mafuta ya jibini za aina hiyo, mdomo unabaki kama umelamba sarafu. Tafuta mweupe drai, hata wa Dodoma hukohuko. Kwao Comté, mkoa wa Jura Ufaransa, wanaishushia na mvinyo wao wa manjano, unalala kwenye pipa miaka 6 na miezi 3, chupa yake mililita 620. Huo usihangaike nao. Bia ndiyo rahisi: gesi inaosha mafuta ulimini, Safari na Comté hazigombani. Appenzeller ina harufu, ganda lake husuguliwa kwa maji ya chumvi yenye mitishamba, iweke mwisho na stauti. Zitoe kwenye friji nusu saa kabla. Wazungu husema saa nzima, ila wao hawajalala Sinza mwezi huu wa pili feni imezimika.

Umm_Nasra
Kabla ya mvinyo, hao wageni ni dini gani? Maziwa ya Gruyère na Comté hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Kuna mtu pombe hagusi na hiyo pia hatagusa, uliza mapema. Shoga yangu alilishwa kitu cha namna hiyo harusini Upanga, akaja kujua wiki ya pili. Mpaka leo yeye na wifi yake hawasalimiani, na nyumba wanapakana.

Mangi_wa_Mbezi
Mleta mada, umenunua wapi na kwa bei gani? Mimi kipande cha Gruyère kisichozidi kiganja kilinifanya nirudishe maziwa ya watoto rafuni.

Mtu_wa_Watu
Bei siyo mada mkuu. Jingine wakuu: kwenye Comté kuna chembe ngumu kama chumvi ya mawe, zinalia menoni. Imeharibika?

Mpishi_Mstaafu
Haijaharibika. Hizo ni tirosini, protini inavyovunjika jibini ikizeeka hujikusanya hivyo. Kuna wateja walikuwa wanaziulizia kabisa.

Mangi_wa_Mbezi
Zinalia menoni mwa nani? Si ulisema za Jumamosi? Na bei hujajibu.

Mtu_wa_Watu
Haya, niseme. Jibini ni za bosi. Natunza nyumba yake, yeye kaenda kwao tangu Krismasi, anarudi Machi. Wakati anaondoka alisema vya kwenye friji nitumie, mimi nilimwelewa hivyo. Na zingeoza tu. Wageni wamechanga elfu arobaini kila mmoja, nyingine nimenunua mvinyo, nyingine luku na ada ya mdogo wangu. Kwa hiyo msiniambie niahirishe. Nipeni mpangilio.

Mpishi_Mstaafu
Zioze? Comté haitoki ghalani kabla ya miezi 4, nyingine hufika miaka 2. Kama zilifungwa kwenye plastiki isiyo na hewa, bosi angezikuta nzima. Alimaanisha nyanya na mayai huyo.

Babu_Kariakoo
Kijana, mali ya mtu. Mwaka 1991 nilikuwa mtunza bustani Oysterbay. Kiu ikanishika, nikanywa soda ya tajiri, nikajaza chai ya rangi, nikarudishia kizibo kwa nyundo. Ikaja kupewa mama mkwe wake. Nilihamia Kigamboni siku ileile.

Mpelelezi_Huru
Uzi wa kutunga huu. Angalieni picha, hiyo anayoiita Gruyère ina matundu. Gruyère haina matundu! Yenye matundu ni Emmental, bakteria wanatoa gesi ndani. Kaokota picha mtandaoni, kaja kutuchezea.

Mpishi_Mstaafu
Taratibu. Ya Uswisi ndiyo haina, au inayo machache ya kutafuta. Ya Ufaransa kanuni zao zinataka iwe nayo, kuanzia njegere mpaka cheri. Inaweza kuwa kweli.

Mtu_wa_Watu
Karatasi yake imeandikwa Uswisi.

Mpelelezi_Huru
Sina la kuongeza.

Kidagaa_Feri
Labda panya wa Masaki.

Mtu_wa_Watu
Nyumba ile haina panya, na siyo hadithi. Nani anatunga hadithi mpaka ya luku? Nauliza tena, Gruyère kwanza au Comté?

Mpishi_Mstaafu
Onja zote mbili, umeshazoea. Laini kwanza, yenye chembe ifuate, Appenzeller mwisho. Na chupa mbili za mwekundu karudishe dukani kama hujazifungua.

Mangi_wa_Mbezi
Nafasi ya mtu wa tisa ipo? Elfu arobaini ninayo.

Umm_Nasra
Swali moja tu mwanangu. Huyo bosi wako Kiswahili anasoma?

Mtu_wa_Watu
Anasoma vizuri tu, yuko Dar mwaka wa 11 huu. Kwa nini?