Popapu ya "hifadhi mafaili yako" inanitesa, naomba msaada kabla ya kesho asubuhi

Mzee_wa_Kopi:
Wakuu habari za usiku. Mimi ni kijana nina kisteshenari changu hapa Morogoro, natoa kopi, naskani, natengeneza kadi za harusi na za michango, CV za vijana wa ajira na vitu kama hivyo. Nina laptopu niliyonunua siyo muda mrefu. Sasa tangu niiwashe kuna popapu inatokea kila nikiwa na mteja mbele, inasema hifadhi mafaili yako kwenye wingu, yaani yatunzwe huko mtandaoni, ukiangalia vitufe vyake hakuna hata kimoja kilichoandikwa HAPANA, kuna endelea na kuna nikumbushe baadaye. Inafanya kazi kama mpiga debe wa stendi ya Msamvu, ukimkatalia upande huu anahamia upande wa pili wa begi. Siku moja foleni imefika mpaka nje, mama wa watu anataka kopi ya kitambulisho cha NIDA, nikasema isiwe tabu nikabonyeza endelea. Toka hapo bando linaisha ovyo na mafaili yamewekewa vialama sivielewi. Naomba kujua jinsi ya kuizima MOJA KWA MOJA na kufuta kila kilichopanda huko juu, iwe kabla ya kesho asubuhi. Matusi wekeni pembeni.

Kiti_cha_Mbele:
Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

Fundi_Makongoro:
Mkuu hiyo ni ndogo sana, piga Windows mpya. Lete laptopu nakupigia na Office juu, unaondoka na mashine kama imetoka dukani. Njoo inbox tuongee bei.

Bi_Tausi:
Usipige chochote kwanza mdogo wangu. Ni Windows au Mac?

Mzee_wa_Kopi:
Dada siwataji jina nisije nikafungiwa, wote si wanafanana.

Bi_Tausi:
Kwenye hili kweli wanafanana, iCloud ya Mac na OneDrive ya Windows zote zinakupa GB 5 za bure na zote zinaweza kubeba desktop na documents zako zikazipandisha juu. Ila setingi zake ni tofauti. Kama ni Windows 11, ingia Settings, System, Notifications, shuka chini kabisa mpaka Additional settings, kuna viboksi vitatu vya kukukaribisha, kukupa ushauri na kukukumbusha kumalizia kuseti, toa tiki zote. Hiyo inapunguza kelele nyingi. Bakapu yenyewe inazimwa kwenye setingi za OneDrive, sehemu ya Manage backup, folda moja moja. Na kwa ajili ya bando, hiyo waifai unayotumia iweke kuwa metered, ikijua unalipia kwa MB inaacha kupandisha.
ANGALIZO: ukizima bakapu desktop inaweza kuonekana tupu kabisa, usipige kelele mtaani, mafaili yamebaki ndani ya folda ya OneDrive.

Ubuntu_Mpaka_Kifo:
Mnajisumbua. Weka Linux Mint, hakuna popapu, hakuna kulazimishwa akaunti, virusi ni nadra.

Kiti_cha_Mbele:
Halafu kadi za harusi atatengenezea nini, kalamu na rula?

Ubuntu_Mpaka_Kifo:
Kuna Inkscape, kuna GIMP, kuna LibreOffice. Shida yenu hamtaki kujifunza.

Babu_Modemu:
Wanangu hii tabia haijaanza leo. Mnakumbuka 2015 na 2016 Microsoft walivyokuwa wanasukuma Windows 10 ya bure kwa watu wenye 7 na 8? Kale kadirisha kalikuwa na alama ya X pale juu, ukibonyeza X unajua umekataa, kumbe ilipofika Mei 2016 wakageuza, ukifunga kwa X apdeti inabaki kwenye ratiba kama kawaida. Kuna mama mmoja wa California mwenye ofisi ya safari, kompyuta yake ya kazi ikaharibikiwa baada ya hiyo apdeti, akaenda mahakamani akapewa dola 10,000. Microsoft walikata rufaa halafu wakaiacha wakalipa. Na Ulaya walishapigwa faini ya euro milioni 561 mwaka 2013, kwa sababu waliahidi kuwaonyesha watu skrini ya kuchagua brauza, wakatoa Windows 7 yenye apdeti ambayo ile skrini haimo. Mimi wakati huo nilikuwa na intaneti kafee, kompyuta nane za Pentium, saa moja shilingi elfu... enzi zile bwana. Vijana walikuwa wanakuja kutafuta wachumba wa Yahoo.

Mzungu_wa_Buza:
Niko Ujerumani huku, tangu Machi 2024 ile sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali ilipoanza kubana, hata brauza ya Edge unaifuta kabisa kwenye Windows. Nyie huko mtabaki nayo tu. Na Windows 10 ilivyoisha muda wake Oktoba 14, 2025, sisi tuliongezewa mwaka mmoja wa apdeti za usalama bila kulazimishwa bakapu, wa nje ya Ulaya ukitaka bure ilibidi uwashe bakapu ya setingi kwenye wingu la Microsoft, la sivyo dola 30 au pointi zao za zawadi. Mwenye sheria hasumbuliwi.

Mzee_wa_Kopi:
Asanteni sana hasa dada Bi Tausi. Hivyo viboksi nimetoa tiki. Ila hamjanijibu la pili, kufuta vyote vya huko juu kwa mpigo inakuwaje? Nikifuta vinapotea kabisa au kuna mtu anaweza kuviona?

Bi_Tausi:
Mtu gani? Na kwa nini kesho asubuhi?

Mzee_wa_Kopi:
Ni haraka tu za kikazi.

Bi_Tausi:
Akaunti iliyologiniwa humo ni ya nani?

Mzee_wa_Kopi:
Ya kazini.

Wakili_Asiye_na_Joho:
Kazini wapi tena, si umesema steshenari ni yako?

Mzee_wa_Kopi:
Ok. Msinihukumu. Kabla ya kufungua changu nilikuwa nimeajiriwa steshenari ya mzee mmoja, iko ng'ambo ya barabara, tunatazamana. Laptopu mpya ilivyowaka ikagoma kuendelea mpaka niweke imeili, mimi imeili ninayoijua kwa kichwa pamoja na paswedi ni ya pale dukani kwa mzee maana ndiyo niliyokuwa naifungua kila asubuhi. Nikaweka hiyo nikijua nitabadilisha baadaye. Ndiyo nikaja kubonyeza ile endelea. Sasa nimeona mafaili yangu yote yamechanganyika na ya mzee, kadi zake ziko kwenye desktop yangu na za kwangu naamini ziko kwake. Mzee alikuwa msibani Dodoma, kompyuta ya duka imezimwa muda wote. Anarudi kesho asubuhi, akiwasha tu ameona kila kitu.

Kiti_cha_Mbele:
😂😂😂 nimesogeza kiti.

Mama_Kanisani:
Mwanangu, aliyekufundisha kazi ndiye umemfungulia duka mbele ya mlango? Hata kama ni biashara kuna mipaka. Mdogo wangu wa damu alinifanyia hivyohivyo kwenye saluni, akaondoka na madada wawili na kitabu cha namba za wateja. Leo hii tunasalimiana kwenye misiba tu.

Mzee_wa_Kopi:
Mama heshima yako, lakini zile kadi nimezitengeneza kwa mikono yangu, mzee hata kukata picha background hawezi. Mshahara ulikuwa unakaa mpaka tarehe 20 ya mwezi mwingine. Hayo tuyaache.

Bi_Tausi:
Kwenye mafaili yako kuna kipi hasa unachoogopa akione?

Mzee_wa_Kopi:
Kuna faili moja linaitwa bei_mpya_punguza_50_kila_kopi_kuliko_mzee.docx

Kiti_cha_Mbele:
Nimeanguka.

Fundi_Makongoro:
Hapo ndipo nasema piga Windows mpya.

Bi_Tausi:
Fundi naomba ukae kimya kidogo. Mdogo wangu sikiliza, yenye kawingu ka bluu HAYAPO kwenye laptopu yako, yako juu tu, unaona jina na picha ndogo. Yenye kiduara cha kijani chenye tiki ndiyo yameshuka. Ukipiga Windows sasa hivi unabaki huna hata CV moja. Na ukifuta huko juu kwa mpigo unamfutia na mzee ya kwake, akiwasha kompyuta yake inasinki, yaani inajilinganisha na huko juu, na yeye yanamtoka. Mafaili mengi yakifutwa kwa wakati mmoja huwa wanatuma na imeili ya kumjulisha mwenye akaunti.

Mzee_wa_Kopi:
Kuhusu imeili hakuna shida. Namba ya simu ya kuthibitishia paswedi kwenye hiyo akaunti ni ya kwangu, mzee hana habari nayo. Nilikuwa nafikiria nibadilishe paswedi usiku huu, yeye abaki nje, nipange vitu taratibu halafu nimrudishie.

Wakili_Asiye_na_Joho:
Hapo unatoka kwenye popapu unaingia kwenye kesi. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, kuharibu au kufuta data yake ni kosa lingine. Kujua paswedi ulivyokuwa mwajiriwa siyo ruhusa ya leo. Na hizo kopi za NIDA ulizoskani za wateja zimepanda kwenye akaunti ya mtu mwingine, tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mteja akilalamika utajibu nini?

Mzee_wa_Kopi:
Mbona mnaniona mwizi, sijamwibia mtu mimi, kompyuta ndiyo imepandisha. Mimi nilibonyeza ili niendelee na kazi. Hizo NIDA hata sikujua zinapanda.

Mtoa_Chai:
Wakuu samahani, hii ni CHAI. Someni vizuri. Nafasi ya bure ni GB 5 kama alivyosema Bi Tausi. Steshenari yenye kuskani na kadi za Photoshop, za mzee na za kwake pamoja, zimekaaje kwenye GB 5? Ilitakiwa ijae siku ya kwanza ianze kuomba hela. Jamaa anatunga huyu, anataka likes.

Kiti_cha_Mbele:
Duh. Hesabu imelala hapo.

Ubuntu_Mpaka_Kifo:
Hata mimi nilishangaa, steshenari gani mmiliki hajui kutofautisha alama za mafaili.

Mzee_wa_Kopi:
Siyo chai jamani. Akaunti inalipiwa ni ile ya TB 1. Ilishawahi kujaa kweli, ikawa inaleta popapu ya kulipia kila siku, nikamwambia mzee akasema hana hela ya mawingu, nikalipia mimi kwa kadi ya mtandaoni ya simu yangu. Mpaka leo inanikata mimi. Ndiyo maana nasema nafasi ile ni yangu vilevile.

Mtoa_Chai:
Weka sikrinshoti.

Mzee_wa_Kopi:
Niweke imeili ya mzee hadharani? Hapana.

Mtoa_Chai:
Chai ya tangawizi.

Babu_Modemu:
Mtoa Chai mimi namwamini. Kulipia popapu ikae kimya ni jambo la kawaida, simu ya mke wangu kila ukifungua inataka nafasi zaidi, nalipa ili nipumzike na maneno yake na ya simu.

Duka_la_Ng'ambo:
Wewe kijana. Nimeshafika Moro tangu jioni na kompyuta nimewasha. Kopi shilingi 50 pungufu sio? Kesho saa mbili nakusubiri.

Mzee_wa_Kopi:
Mzee?? Shikamoo mzee. Naomba nije nikueleze si kama unavyodhani

Mzee_wa_Kopi:
Mzee naomba usimwambie mjomba.

Duka_la_Ng'ambo:
😂😂 natania mkuu, mimi niko Kahama nauza mchele, nimefungua hii ID sasa hivi. Mtoa Chai umeona mtu alivyotoka jasho? Siyo chai hii.

Mtoa_Chai:
Sawa. Narudisha kikombe. Ila mjomba ni nani tena kwenye hadithi?

Mzee_wa_Kopi:
Ndiye aliyeniombea kazi pale. Na laptopu ni hela yake.

Mama_Kanisani:
Mungu wangu.

Bi_Tausi:
Mna roho mbaya. Sasa mdogo wangu fanya hivi. Paswedi usiiguse. Tengeneza folda nje ya OneDrive, moja kwa moja kwenye diski C. Chagua mafaili yako tu, KATA siyo kopi, bandika kwenye hiyo folda. Yenye kawingu itayashusha kwanza ndiyo iyahamishe, kwa hiyo bando litakwenda, ile metered niliyokwambia itoe kwa muda. Ukishayahamisha yanatoka juu, na kompyuta ya mzee ikiwashwa yanatoka na kule. Ya kwake usiguse hata moja. Ukimaliza zima bakapu, halafu unlink hiyo akaunti, yaani itenganishe na laptopu yako, weka imeili yako. Ila ujue yaliyotoka juu yanakaa kwenye kapu la takataka la akaunti siku 30, akilifungua atayaona. Hata hilo la bei.

Mzee_wa_Kopi:
Kapu nalo silimwagi tu?

Wakili_Asiye_na_Joho:
Unaingia tena kwenye akaunti ya mtu kufuta ushahidi? Mtumie ujumbe usiku huu, mwambie mafaili yamechanganyika, unahamisha ya kwako, na namba ya kuthibitisha aweke ya kwake. Faili la bei siyo kosa la jinai, ni aibu tu.

Mzee_wa_Kopi:
Nitampigia asubuhi akiwa kwenye basi. Nimeanza kukata, kuna GB kama 30 za kwangu, nimejiunga bando la usiku. Lile la bei nimelihamisha la kwanza.

Fundi_Makongoro:
Ukimaliza nicheki inbox, tupige Windows.

Kiti_cha_Mbele:
Mkuu na mimi nina kipaimara cha mtoto mwezi ujao. Kadi ukitoa wewe ni bei gani, na yule mzee bei gani?