Makofi matatu ya dakika ya 65: bwana yule asikaribishwe tena kibandani

Ndugu wadau, nimerudi nyumbani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka, wala si kwa sababu Taifa Stars imetolewa na Morocco katika robo fainali ya CHAN, yaani Kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Agosti hii ya 2025. Kufungwa nimekuzoea tangu utotoni. Ninachokiandikia uzi huu ni makofi. Bwana mwenyewe mnamjua, sina haja ya kumtaja: ni yule anayekalia benchi la mbele kila mechi katika kibanda chetu cha kuonyeshea mpira, anayekijua kikosi kabla kocha hajakipanga, na ambaye kichwa chake kimeziba kona ya kushoto ya kioo tangu mashindano yaanze. Leo, katika dakika ya 65, Oussama Lamlioui alipotufunga, kibanda kizima kilinyamaza hata ungemsikia sisimizi akivuka sakafu, na katika ukimya huo yeye alipiga makofi. Mara tatu. Nina hakika waliokuwa Kigamboni waliyasikia.

Naomba mfikirie yalipigwa siku gani. Tulishiriki CHAN mwaka 2009, tukashiriki tena ile ya 2020, na mara zote mbili tuliishia makundi. Safari hii, tukiwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda, tuliifunga Burkina Faso 2-0, Shomari Kapombe akaiadhibu Mauritania katika dakika ya 89, Clement Mzize akaifunga Madagascar mabao mawili, na hata sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati haikutuondolea uongozi wa kundi. Mechi nne, pointi kumi, bao moja tu la kufungwa. Hii ndiyo timu iliyopigiwa makofi, na mpigaji si Mmorocco, ni mtu wa mtaa wetu aliyelipa kiingilio kama sisi na kuvaa jezi ya Stars.

Tena zilikuwa zimebaki dakika 25! Hatua ya mtoano haina mechi ya marudiano, lakini bao moja tu lingetupeleka kwenye dakika 30 za nyongeza, na baada ya hapo penalti, ambako lolote hutokea. Yeye alitupigia makofi kama watu wanaokung'uta udongo mikononi baada ya kufukia kaburi, ilhali mgonjwa bado anapumua na anaomba maji.

Mzee mmoja aliyeketi nyuma yake alimuuliza kwa upole, "Mwanangu, unamshangilia nani?" Akageuka, akamtazama mzee usoni, akajibu, "Ninamshangilia Morocco, kocha wetu." Wote tunajua kwamba Hemed Suleiman huitwa Morocco. Kwa hiyo jina la mtu aliyetufikisha robo fainali kwa mara ya kwanza limegeuzwa ngao ya makofi yale. Kocha yuko uwanjani kwa Mkapa anafuta jasho, na huku Temeke jina lake linatumika kumshangilia mfungaji wa wapinzani. Mara tatu, ndugu zangu. Niliyahesabu.

Jirani wa Mtoni
Mwenye uzi, nilikuwepo na ninathibitisha, ila hesabu yako ina kasoro. Yalikuwa manne. La nne alilipiga chini chini, kisha akasingizia mbu. Lakini nawe ulikuwa nyuma yake hatua mbili na hukufungua mdomo, ukasubiri kufika nyumbani ndipo uwe simba.

Mwenye uzi
Nilinyamaza kwa kumheshimu mzee, ambaye alikuwa ameanza kuzungumza. Na lile la nne si kofi, aligonga benchi. Mimi nazungumzia yale matatu.

Shabiki wa Kasarani
Poleni majirani, lakini mnalia kwa makofi? Sisi Wakenya jioni hiyo hiyo tulitolewa bila kufungwa ndani ya mchezo. Tulitangulia mapema kipindi cha pili, Madagascar wakasawazisha kwa penalti, ikawa 1-1 mpaka mwisho wa dakika 120, kisha wakatushinda kwa mikwaju 4 kwa 3. Na hiyo Morocco iliyowatoa ninyi, Harambee Stars iliifunga 1-0 kwenye makundi, bao la Ryan Ogam, tukicheza kipindi chote cha pili tukiwa kumi. Mbele ya uchungu huo, makofi ya mtu mmoja ni nini?

Fundi Baiskeli
Ndugu wa Kasarani, Madagascar hao ndio tuliowafunga 2-1 hapa Dar es Salaam. Mngetuuliza wanavyocheza tungewaeleza.

Shabiki wa Kasarani
Nasi mngetuuliza namna ya kuwazuia Morocco. Tulikuwa na siku kumi na mbili za kuwaeleza.

Mwenye uzi
Naomba turudi kwenye mada. Mtu alipiga makofi dakika ya 65.

Jirani wa Mtoni
Ya 66. Alisubiri kwanza marudio ya bao.

Mlinda Lango Mstaafu
Mimi nililinda lango katika ligi ya wilaya kwa miaka mingi na penalti ndizo zinazonikera. Mashabiki husema ni bahati nasibu, kisha asubuhi wanamtukana mpigaji aliyekosa. Kama ni bahati, mwacheni kijana wa watu alale. Kama ni ufundi, basi zifanyiwe mazoezi mchezaji akiwa amechoka, baada ya kukimbia, si asubuhi akiwa na miguu mipya.

Mtu wa Kampala
Ninaandika Jumamosi usiku nikitoka uwanja wa Namboole. Senegal 1, Uganda 0. Wenyeji watatu, siku mbili, na hakuna hata mmoja aliyebaki. Nimesoma uzi wote na sijaona mahali pa kuweka kilio changu, kwa hiyo nakiweka hapa.

Fundi Baiskeli
Karibu, ndugu. Sogeeni tumpishe.

Binti wa Amaan
Huku Unguja leo tumeona Sudan wakiitoa Algeria kwa penalti 4 kwa 2 baada ya sare ya 1-1. Jumanne wanacheza nusu fainali na Madagascar, hapo hapo kwa Mkapa. Mimi nitawashangilia Sudan.

Shabiki wa Kasarani
Sisi tunawaombea Madagascar wafike fainali, ili tuseme tulitolewa na wakubwa.

Fundi Baiskeli
Hapana, kaka. Sisi tuliwafunga. Wakifika fainali sisi ndio tutakaokosa usingizi.

Mlinda Lango Mstaafu
Na ikifika penalti, tafadhali msianze tena habari za bahati nasibu.