1JZ-GE VVT-i yenye kilomita nyingi: nikague nini kabla ya kuinunua?

GariZee

Wakuu, salaam. Kuna Toyota Mark II JZX100 inauzwa, injini 1JZ-GE VVT-i (yenye mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka). Dashibodi inasoma km 214,000, kumbukumbu za sevisi hakuna. Ikiwashwa ya baridi inatikisika silensa (ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) kama dakika moja, kisha inatulia. Mbele, chini ya kava la taimingi, kuna utando wa oili ulioshika vumbi. Muuzaji anasema JZ haifi, na kwamba hata taimingi belti (inayounganisha krankshafti na kamshafti) ikikatika hakuna kinachoharibika. Hilo la belti ni kweli? Na nipime nini kabla sijatoa hela?

Nyuzi120

Hilo la belti ni kweli kwa injini nyingine, siyo hiyo. 1JZ-GE za mwanzo, za kuanzia 1990, zenye distribyuta, belti ikikatika valvu na pistoni hazikutani. Unafunga mpya, unaondoka. Kwenye VVT-i mgandamizo ulipandishwa kutoka 10:1 hadi 10.5:1, na kamshafti ya upande wa hewa inaweza kusogezwa mbele wakati injini inazunguka. Ikikatika ukiwa mwendoni, jiandae kwa valvu zilizopinda. Belti hubadilishwa kila km 100,000, na kama hakuna anayejua ilibadilishwa lini, ichukulie kuwa haijawahi kubadilishwa.

Sasa unganisha hilo na huo utando wa oili. Oili ya mbele hutoka kwenye sili ya krankshafti, sili za kamshafti, au kwenye gia ya VVT-i yenyewe. Oili ikifika kwenye belti raba inavimba na meno yanaanza kung'oka, hata kama belti ina km 20,000 tu. Fungua kava la juu la taimingi, chukua tochi, geuza belti kwa kuzungusha krank na uangalie upande wa meno. Ikiwa inang'aa au inanata, usiendelee kuiendesha.

Ukishafungua mbele, badilisha vyote kwa mkupuo mmoja: belti, tenshena ya haidroliki (inayokaza belti), beringi ya aidla (pulei inayoongoza belti), pampu ya maji (inazungushwa na belti hiyohiyo), sili ya krank na sili mbili za kamshafti. Boliti ya pulei ya krank ina kichwa cha 22 na imebanwa kwa zaidi ya Nm 300, kwa hiyo tafuta kifaa cha kushikilia pulei. Kuna wanaoilegeza kwa kupiga stata huku spana imeegemea chasisi. Mimi siishauri, ikiteleza inavunja mkono au rejeta.

Tenshena ikandamize polepole ikiwa imesimama, kisha ichomeke pini nyembamba ya mm 1.5. Ukiilazimisha haraka unaua sili yake ya ndani, na baada ya wiki chache belti inaanza kupiga kelele. Weka pistoni ya silinda namba 1 juu kabisa, alama ya krank kwenye 0, alama za gia mbili za kamshafti zilingane na za bamba la nyuma. Vuta pini, zungusha krank kwa mkono mizunguko miwili kamili upande wa saa, angalia alama upya. Zikipishana hata jino moja, rudia.

Angalia na pulei ya krank yenyewe. Ina raba katikati ya pete mbili za chuma, na raba hiyo ikizeeka pete ya nje inahama. Chora mstari wa chaki unaovuka pete zote mbili, washa injini dakika chache, zima. Mstari ukikatika, pulei imekufa.

KoiliTatu

Mtikisiko wa asubuhi usiuhusishe na umri wa injini moja kwa moja. VVT-i hii ina koili 3 kwa silinda 6. Kila koili inakaa juu ya plagi moja na kupeleka waya kwa mwenzake: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Hapo ndipo uchunguzi unakuwa rahisi. Injini ikimisi (silinda ikikosa kuwaka) kwenye silinda mbili za jozi moja, koili ndiyo mshukiwa. Ikimisi moja tu, ni waya, plagi au nozeli.

Toa plagi zote uone kama mashimo yake yana oili. Gasketi za tapeti kova (kava la juu ya kamshafti) hukakamaa kwa joto, oili inashuka mle, mpira wa koili unalainika na umeme unapita pembeni. Dawa ni gasketi mpya, pamoja na tone dogo la silikoni pale kofia ya mbele ya kamshafti inapokutana na hedi. Tone dogo, tafadhali. Silikoni ikimwagwa nyingi inaishia kwenye chujio la pampu ya oili.

Mwanya wa plagi ni mm 1.1. Kwa mfumo huu kila plagi inapiga mara mbili kwa mzunguko wa kazi, na nusu yake zinapiga kwa umeme wa kinyume, hivyo plagi za kawaida zinalika haraka. Weka za iridiamu au platinamu pande zote mbili.

MajiSafi

Nakubaliana na wenzangu, ila mmepita mbali na kinachoziua JZ nyingi: kuchemsha. Blok ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na urefu wa silinda sita kwa mstari maana yake hedi ndefu. Ikichemka vizuri mara moja hedi inapinda. Kikomo cha kupinda ni mm 0.10 tu.

Feni yake inazungushwa na belti kupitia klachi ya mafuta mazito. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume feni kwa kidole. Ikizunguka raundi kadhaa bila ukinzani, klachi imeisha, na gari litachemka kwenye foleni lakini barabara kuu litaonekana zima. Thamostati hufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Ukikuta imetolewa, ulizia sababu. Maji ya bomba bila kulanti ni sumu hapo: chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye maji hayo, alumini ndiyo inayoliwa, na huliwa kuzunguka matundu ya gasketi.

Kwenye koili ya valvu ya VVT-i pima ukinzani, utapata ohm 7 hivi. Kichujio chake kikiziba kwa tope la oili, silensa inayumba au nguvu zinapungua.

GariZee

Shukrani sana. Nimempeleka fundi, kapima mgandamizo injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, throtoli wazi. Kilo kwa sentimita mraba, kuanzia silinda ya 1: 12.1, 12.0, 12.2, 11.9, 9.6, 9.4. Akaweka kijiko cha oili kwenye 5 na 6, namba hazikubadilika. Muuzaji anasema bado ziko juu ya kikomo.

Nyuzi120

Kikomo cha chini hakikusaidii peke yake, kwa sababu tofauti kati ya silinda na silinda haitakiwi kuzidi kilo 1. Wewe una karibu 3. Ringi za pistoni zingekuwa zimechoka, oili ingepandisha namba. Silinda mbili zilizopakana zikishuka pamoja, tena za nyuma, na oili isibadilishe kitu, mawazo ya kwanza yaende kwenye gasketi ya hedi kati ya 5 na 6. Valvu zisizofunga vizuri ni la pili.

Kutofautisha: weka pistoni ya 5 juu kabisa kwenye mgandamizo, ingiza hewa ya kompresa kupitia shimo la plagi, sikiliza. Ikitokea shimo la 6, ni gasketi. Ikitokea ekzosi au kwenye throtoli, ni valvu. Mapovu kwenye rejeta, gasketi imefika hadi kwenye njia ya maji.

MajiSafi

Na ikiwa ni gasketi, hedi ipimwe unyoofu kabla ya kufungwa. Boliti zake 14 hubanwa Nm 34 kwanza kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha huzungushwa nyuzi 90, kisha 90 tena. Anayebana kwa kukisia atarudisha tatizo lilelile.